Tanzania na waliokuja: ardhi, karatasi na mipaka tangu Vita Kuu ya Pili

Mjadala wa uraia ukizuka Tanzania, iwe ni wakati wa kuandikisha vitambulisho vya taifa, wa operesheni ya kuwasaka wahamiaji haramu au wa kampeni za uchaguzi, watu wa namna nyingi huvishwa jina moja. Yupo mkulima wa Ngara ambaye babu yake alivuka mto kabla ya uhuru. Yupo aliyekimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 na leo ana cheti cha uraia wa tajnisi. Yupo Mkongo aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, na yupo kijana wa Ethiopia anayesafirishwa kwa siri kuelekea Afrika Kusini, asiye na nia ya kukaa Tanzania hata mwezi mmoja. Wote hawa, katika mazungumzo ya kawaida na hata bungeni, huitwa "wakimbizi", na neno hilo hutumika kama kosa.

Ndani ya mkanganyiko huo zimejengeka kauli mbili. Ya kwanza inasema Tanzania ya zamani ilimpokea kila aliyeonewa, na kwamba moyo huo umepotea. Ya pili inasema ukarimu huo ndio ulioiponza nchi. Kila moja ina ukweli wake, lakini zote mbili zinaliruka swali lililo zito zaidi: wageni walipofika walipewa nini, na baada ya muda gani? Ukiifuatilia historia ya miaka 80 iliyopita kundi kwa kundi, unaona kwamba idadi ya waliokuja haikuamua mengi kama wengi wanavyodhani. Yaliyoamua ni mambo mawili, ardhi na hadhi ya kisheria, pamoja na muda ambao serikali ilichukua kuyatolea uamuzi.

Manamba, Wapolandi na karanga

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Tanganyika ilihesabiwa na watawala wake kuwa nchi ya ardhi nyingi na watu wachache. Mkonge ulikuwa na bei nzuri, na mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro yalihitaji vibarua wengi kuliko waliopatikana jirani. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, SILABU, iliyowafuata watu hadi Kigoma na Songea, kisha ikavuka mpaka hadi Ruanda-Urundi. Upande wa kusini, Wamakonde wa Msumbiji walivuka Ruvuma wenyewe, wakiukimbia utawala wa Wareno na kazi zake za shuruti. Vibarua hawa wote ndio manamba. Mkataba ulipokwisha, wengi walirudi makwao. Wengine walioa, wakapata mashamba, wakabaki, na hakuna aliyewauliza karatasi. Serikali ya kikoloni ilizihitaji nguvu zao, na katika nchi ya Waha na Warundi watu wa pande mbili za mpaka waliendelea kuoana na kuuziana ng'ombe kama walivyozoea.

Kulikuwa na wageni wengine waliopokelewa kwa namna tofauti kabisa. Wapolandi waliotolewa Urusi kupitia Iran walianza kufika Afrika Mashariki mwaka 1942, na makazi yao ya Tengeru, karibu na Arusha, yalikuwa na watu wapatao 5,000. Walikuwa na shule, kanisa na bustani, lakini hawakukusudiwa kubaki. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 karibu wote walikuwa wamekwenda Uingereza, Kanada na Australia. Mwaka 1947 mpango wa karanga ulileta Waingereza Kongwa, Nachingwea na Urambo, na baada ya miaka michache ukaanguka. Watu wenye asili ya Bara Hindi, ambao wengi wao walikuwa na mizizi ya zamani nchini, walifika takriban 76,000 katika sensa ya 1957.

Kila kundi lilikuwa limepangiwa nafasi kabla halijafika: huyu wa kukata mkonge, huyu wa kusimamia, huyu wa biashara, huyu wa kuhifadhiwa kwa muda. Kubaki kwa kudumu hakukuwemo katika mpango wa yeyote, na kwa manamba jambo hilo lilikuja kuwa na madhara makubwa.

Uraia wa 1961 na waliobaki nje yake

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wajumbe walitaka uraia ufuate rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alikataa na kutishia kujiuzulu, na msimamo wake ukashinda. Kisa hicho kinasimuliwa mara nyingi, na kinastahili. Kanuni yenyewe iliyopitishwa, hata hivyo, haisimuliwi, na athari zake zimedumu hadi leo.

Siku ya uhuru, aliyezaliwa Tanganyika akiwa na angalau mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia papo hapo. Asiyekuwa na mzazi wa namna hiyo alipewa muda wa miaka miwili kujiandikisha. Mfanyabiashara wa Kihindi wa Dar es Salaam alilijua sharti hilo. Alikuwa na gazeti, jumuiya na wakili. Mtoto wa manamba kutoka Urundi, aliyezaliwa shambani Korogwe au katika kijiji cha Kagera, hakulijua. Alijiona Mtanganyika na majirani walimwona hivyo. Alilipa kodi, akapiga kura, akakata kadi ya TANU. Muda wa kujiandikisha ukapita bila yeye kujua kwamba kuna dirisha lililofungwa.

Mwaka 2001 serikali ilimtangaza Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari mashuhuri na mbunge wa zamani, kuwa si raia, pamoja na watu wengine watatu waliojulikana katika maisha ya umma. Baadaye alipata uraia kwa njia ya maombi. Wengi walilichukua tukio lile kuwa la kisiasa, na huenda lilikuwa hivyo. Lakini liliwezekana kwa sababu ya pengo la 1961. Ikiwa mtu aliyekalia kiti bungeni anaweza kuambiwa hivyo, mfugaji wa Karagwe asiye na cheti cha kuzaliwa cha baba yake atajitetea kwa kitu gani?

Sheria ya Uraia ya 1995 haikuliziba pengo hilo kwa uwazi. Ukiisoma kama ilivyoandikwa, aliyezaliwa nchini tangu Muungano ni raia, isipokuwa mtoto wa mwanadiplomasia au wa adui aliyeikalia nchi kwa vita. Ofisini, kwa miaka mingi, utendaji umekuwa mwingine: mwombaji huulizwa uraia wa mzazi. Kati ya maneno ya sheria na desturi ya ofisi kuna watu wasiojua wako upande gani. Kenya ilikuwa na tatizo la aina hiyo kwa Wamakonde wa Kwale, wazao wa vibarua kutoka Msumbiji, waliokaa kwa vizazi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, na serikali ikawatambua kuwa raia.

Sababu za mlango ulio wazi

Wakimbizi wa kwanza wa enzi ya uhuru walikuwa Watutsi wa Rwanda, waliokimbia machafuko yaliyoanza 1959. Waliwekwa Muyenzi huko Ngara, Karagwe, na Mwesi upande wa Mpanda. Vita vya Msumbiji vilipoanza 1964, watu walivuka Ruvuma kwa makumi ya maelfu, wakapelekwa Rutamba, Muhukuru na kwingineko kusini. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, chenyewe kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Baadaye wakaja vijana wa Afrika Kusini waliojengewa shule Mazimbu, Morogoro, na chama cha ANC.

Sababu inayotajwa daima ni imani ya umoja wa Afrika, na hakuna haja ya kuibeza. Tanzania ililipa gharama halisi kwa ajili ya ukombozi wa kusini, na iliamini ilichokuwa ikikisema. Lakini sababu hiyo peke yake haitoshi kueleza kwa nini wakimbizi walipewa ardhi badala ya mahema. Serikali ya uhuru, kama ya kikoloni kabla yake, iliona misitu ya miombo ya magharibi kuwa nchi inayosubiri watu: yenye mbung'o, isiyo na barabara, isiyolipa kodi. Mkimbizi aliyepewa jembe na mbegu angeifungua. Hilo lilikwenda sambamba na siasa ya vijiji iliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Mgeni alitakiwa afanye kile kilekile alichotakiwa kufanya mwenyeji, yaani kukaa kijijini na kulima.

Jambo la tatu ni udhibiti. Sheria ya wakimbizi ya 1965, iliyotawala kipindi chote kinachokumbukwa kwa ukarimu, ilishughulika na udhibiti kuliko haki. Ilimpa waziri uwezo wa kuamua mkimbizi akae wapi, na anayetoka bila kibali alikuwa na kosa. Wanaosema kwamba zamani kulikuwa na utu na sasa kuna polisi wanaisahau sheria hiyo. Mambo hayo mawili yalikuwepo pamoja, na kilichoyawezesha kukaa pamoja ni kwamba ardhi ilikuwepo na idadi ya wakimbizi ilibebeka.

Matokeo ya enzi hiyo kwa jumla yalikuwa mazuri. Wamsumbiji wengi walirudi kwao baada ya uhuru wa 1975. Wanyarwanda waliotaka kubaki walifunguliwa mlango mwaka 1980, serikali ilipotangaza kuwapa uraia wakimbizi wapatao 36,000. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa medali ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa huduma kwa wakimbizi.

Katumba, Ulyankulu, Mishamo

Kundi linalofundisha zaidi ni la "watu wa sabini na mbili". Mwaka huo jeshi la Burundi liliua Wahutu zaidi ya 100,000, likianza na waliosoma. Waliovuka kuingia Tanzania walipelekwa mbali na mpaka, katika makazi makubwa matatu: Ulyankulu huko Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na kuanzia 1978, Mishamo. Haya ya mwisho yalifunguliwa kwa sababu Ulyankulu ilikuwa imejaa kupita uwezo wa maji na udongo wake. Serikali ilitoa ardhi, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa sehemu kubwa ya fedha, na TCRS, shirika la Kikristo lililoanza kazi Tanganyika mwaka 1964, lilisimamia barabara, visima, shule na zahanati.

Huko Mishamo kila familia iligawiwa hekta 5. Baada ya misimu michache mgawo wa chakula ulisimamishwa kwa sababu haukuhitajika tena. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi haya yalikuwa yanajilisha, yanauza mahindi na maharage nje, yanalima tumbaku, yanalipa kodi, na usimamizi wake ulikuwa umekabidhiwa serikali. Ni nchi chache maskini duniani zilizowahi kufanya hivyo kwa watu wengi kiasi hicho.

Hata hivyo, makazi yalikuwa na upande mwingine. Mkuu wa makazi alikuwa na mamlaka ambayo hakuna mwenyekiti wa kijiji wa kawaida aliyekuwa nayo. Kutoka kulihitaji kibali chenye tarehe ya kurudi. Kijana aliyemaliza shule ya msingi hakuwa na pa kwenda kwa urahisi. Mtaalamu wa anthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti miongoni mwa Warundi hawa katikati ya miaka ya 1980, alilinganisha Mishamo na Kigoma mjini. Aliowakuta Mishamo walijitambulisha kama taifa lililo uhamishoni. Simulizi ya mauaji na ya kurudi nyumbani ilikuwa msingi wa maisha yao. Wale waliojipenyeza Kigoma mjini, bila msaada wala karatasi, walikuwa wameolewa, wameoa, wanafanya biashara, na wengi hawakupenda kuitwa wakimbizi hata kidogo.

Ulinganisho huo unakata pande zote mbili. Makazi yalileta shibe, elimu na usalama wa kisheria, lakini yalimtenga mtu na jamii aliyoishi ndani yake. Mji ulimchanganya na watu, lakini ulimwacha bila ulinzi: siku ya msako hakuwa na la kuonyesha. Serikali ilichagua makazi kwa sababu yalirahisisha kuhesabu na kudhibiti, na kwa miaka ishirini uchaguzi huo ulionekana kuwa sahihi. Uliacha swali moja tu bila jibu: watu hawa ni nani kisheria, na hadi lini?

Miaka ya tisini

Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Benaco, eneo la mashamba na vichaka Ngara, likageuka kuwa kambi kubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Mwishoni mwa mwaka huo nchi ilikuwa na wakimbizi karibu 900,000, na katika Ngara wageni waliwazidi wenyeji.

Hapakuwa na ardhi ya kuwagawia watu hao, na wengine miongoni mwao hawakustahili kupewa. Waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari walikuwa ndani ya kambi, wakiwaongoza watu walewale waliowaongoza nyumbani na kushika usimamizi wa ugawaji chakula. Hili lilikuwa jambo geni kabisa. Mkimbizi wa 1972 alikuwa amekimbia muuaji. Mwaka 1994 muuaji na jirani yake asiye na hatia walipanga foleni moja.

Ndani ya Tanzania nako mambo yalikuwa yamebadilika. Uchumi ulikuwa umebanwa na masharti ya mageuzi tangu katikati ya miaka ya 1980. Shule na hospitali za wananchi zilikuwa zikidai ada. Vyama vingi vilikuwa vimerudi, na uchaguzi wa 1995 ulikuwa karibu. Mbunge wa Kagera alilazimika kumjibu mpiga kura aliyeona malori ya chakula yakipita mbele ya zahanati isiyo na dawa. Machi 1995 serikali ilifunga mpaka na Burundi. Desemba 1996 ilitangaza pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kwamba Wanyarwanda wote warudi kabla mwaka haujaisha. Watu zaidi ya 450,000 walirudishwa, wengi wao wakisindikizwa na jeshi baada ya kujaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi. Shirika lililoundwa ili mtu asirudishwe kwa nguvu lilitia saini yake kwenye tangazo lile, na doa hilo halijafutika.

Athari kwa wenyeji zilichunguzwa vizuri kuliko kawaida, kwa sababu utafiti wa kaya ulikuwa tayari unaendelea Kagera tangu 1991. Wachumi waliolinganisha hali za kabla na baada walikuta picha yenye vipande. Mkulima mwenye shamba na mazao ya kuuza alifaidika. Bei ya vyakula visivyokuwemo kwenye mgawo wa msaada, kama ndizi, ilipanda, na vibarua walikuwa rahisi. Mwenyeji aliyeishi kwa kibarua aliumia, kwa kuwa mkimbizi alikubali ujira mdogo zaidi. Miti ilikatwa kwa kilomita nyingi kuzunguka kambi. Ukiuliza kama wakimbizi waliisaidia Kagera au waliiumiza, jibu linategemea unamuuliza mwenye shamba au asiye na shamba, na siasa za wilaya zimekuwa zikiwasikiliza wenye sauti.

Hoja zinazoshindana

Tangu hapo hoja ya usalama ndiyo yenye nguvu serikalini. Uthabiti wake unatokana na mambo yaliyotokea kweli. Waasi wa Burundi waliandikisha wapiganaji katika kambi za Kigoma mwishoni mwa miaka ya 1990, na nchi mbili zikakaribia kugombana kwa sababu hiyo. Silaha ziliingia, na ujambazi barabarani uliongezeka. Serikali isiyojali hayo haitimizi wajibu wake wa kwanza kwa raia wake.

Udhaifu wa hoja hii uko katika dawa inayoipendekeza. Tangu mwaka 1997 mkimbizi alikatazwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, na jeshi liliwakusanya hata Warundi waliokuwa wamekaa vijijini kwa amani kwa miaka mingi na kuwaingiza kambini. Lakini kambi iliyojaa vijana wasio na kazi, jirani na mpaka, ndiyo mahali rahisi kuliko pote pa kuandikisha wapiganaji. Ukiwatawanya vijana hao kwenye mashamba yao Mpanda, hakuna kamanda anayewafikia. Watu wa Katumba na Mishamo walikaa miaka ishirini bila kuwa tishio kubwa la kijeshi kwa yeyote. Operesheni Kimbunga ya 2013 ilionyesha upande mwingine wa udhaifu huo. Katika Kagera, Geita na Kigoma iliwakusanya wahalifu wenye silaha, wahamiaji wa juzi na wazee waliokaa tangu ukoloni kwa kipimo kimoja, na familia zikatenganishwa. Kipindi hicho uhusiano na Rwanda ulikuwa umechafuka, na si rahisi kutenganisha ugomvi wa marais na yaliyomfika mchunga ng'ombe.

Wanaoshikilia utu na umoja wa Afrika wana haki ya kusema kwamba mipaka hii ilichorwa na wageni na kwamba damu ni moja. Wasichokubali kukiona ni gharama kwa mwenyeji wa Kasulu na Kibondo. Yeye ndiye anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni, na hakuwahi kuulizwa. Katika sensa ya 1967 Tanzania ilikuwa na watu milioni 12.3; sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Miombo iliyohesabiwa kuwa tupu mwaka 1972 leo ina wafugaji kutoka Shinyanga na Mwanza, hifadhi za misitu na mashamba makubwa. Kutaka makazi ya hekta 5 yarudi kama yalivyokuwa ni kutaka ardhi ambayo haipo.

Hoja ya tatu ni ya mgawanyo wa mzigo, na serikali zilizofuata zimeitumia sana. Nchi tajiri, inasema, zinafunga milango yao na kuzihubiria nchi maskini kuhusu kufungua ya kwao. Kisha fedha za wakimbizi zinachangiwa nusu nusu. Hasira hiyo ni halali kabisa. Mwanzoni mwa 2018, Tanzania ilipojitoa katika mpango wa kimataifa wa kuwajumuisha wakimbizi katika maendeleo ya wilaya, sababu zilizotajwa zilikuwa usalama na fedha, na kulikuwa na chukizo la kuambiwa ikope ili ihudumie wasio raia wake. Ni vigumu kuona nchi yoyote ikikubali hilo kwa furaha. Hata hivyo hatua zilizoambatana na msimamo huo, kusimamisha mpango wa fedha taslimu na kufunga masoko ya pamoja kambini, hazikumgusa mfadhili wa Ulaya. Zilimgusa mkimbizi wa kambi ya Nduta, Kigoma, aliyekuwa na genge la nyanya, na mkulima wa Kibondo aliyekuwa akimuuzia.

Tajnisi ya watu wa sabini na mbili

Mwaka 2007, wakati hoja ya usalama ilikuwa imeshika hatamu, Tanzania ilifanya jambo ambalo halikulingana nayo. Iliwauliza Warundi wa 1972, waliokuwa takriban 218,000 katika makazi matatu, wachague: kurudi au kuomba uraia. Karibu asilimia 80 walichagua kubaki. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kuwapa uraia watu takriban 162,000, hatua kubwa isiyo na mfano barani kwa kundi moja la wakimbizi.

Kisha ikasita. Awali uraia uliambatana na sharti la kuhama: makazi yangefungwa na raia wapya kutawanywa katika mikoa mbalimbali. Mantiki yake ilieleweka. Haikutakiwa kubaki "Burundi ndogo" ndani ya Tanzania. Lakini mikoa iliyotajwa haikuwa na hamu ya kuwapokea, fedha za kuhamisha hazikutosha, na watu wenyewe hawakutaka kuacha mashamba waliyoyalima kwa karibu miaka 40. Kwa miaka minne walikaa bila uraia wa Burundi, waliokuwa wameukana, na bila cheti cha Tanzania. Katika kipindi hicho kujenga nyumba ya matofali au kupanda miembe kulikuwa kubahatisha. Hatimaye sharti la kuhama liliachwa, na kuanzia Oktoba 2014 vyeti vikagawiwa.

Kuna mfano mdogo usiojulikana sana. Wasomali wenye asili ya Kibantu, wazao wa Wazigua waliouzwa utumwani karne ya 19, walikimbia vita vya Somalia tangu 1991 na kufika Handeni, nchi ya mababu zao, wakiwa bado wanazungumza Kizigua. Walipewa makazi ya Chogo, na wengi wakapata uraia. Kwao hapakuwa na kelele za kisiasa: walikuwa wachache, ardhi ilikuwepo, na wenyeji waliwaona ndugu. Masharti hayo matatu hayapatikani pamoja kila siku, ndiyo maana Chogo haiwezi kuwa kielelezo cha Kigoma.

Mizani

Kurudi nyumbani ni suluhisho linalopendwa na wote, na kwa haki, pale linapowezekana. Lakini waliorudi Burundi kati ya watu wa 1972, zaidi ya 50,000, wengi walikuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yana watu wengine, na migogoro hiyo ya ardhi ikawa mzigo mpya kwa nchi yao. Ghasia za 2015, baada ya Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, ziliwaleta wengine Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Baadhi yao walikuwa wamekimbia mara ya pili au ya tatu maishani. Kurudishwa mapema, kabla nyumbani hakujatulia, ni kuchelewesha safari ya kuja tena.

Kambi iliyofungwa, nayo, inalindwa kwa hoja kwamba ni ya muda. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo wa Kivu Kusini. Waliozaliwa mwaka huo wana watoto wao shuleni kambini. Kwa muda wote huo wamelishwa kwa mgawo unaopanda na kushuka kufuatana na bajeti za mbali, hali ardhi ya Kigoma inalimika na vibarua wanahitajika. Kati ya njia zote ambazo Tanzania imewahi kuzijaribu tangu vita, hii ndiyo inayogharimu zaidi na kuzalisha kidogo zaidi, na haijathibitika kuwa salama kuliko makazi.

Uraia kwa wote hauwezekani na hakuna serikali itakayoutangaza. Kutaka hivyo ni kuwapa nguvu wanaotaka kufunga kila kitu. Kinachowezekana kiko katikati, na nchi imewahi kukifanya kwa vipande: ruhusa ya kufanya kazi na kutembea ndani ya mkoa kwa aliyehakikiwa na kuandikishwa, masoko ya pamoja yanayomfaa pia mwenyeji, fedha za wafadhili zinazopita katika bajeti ya halmashauri ya Kasulu badala ya kuishia ndani ya uzio, na tarehe inayojulikana ambayo baada yake aliyekaa bila kosa anaweza kuomba tajnisi mmoja mmoja. Mwenye shamba Kasulu atafaidika na mpango kama huo, na kibarua wa Kasulu atashindana na wengi zaidi. Hasara yake inapaswa kuhesabiwa na kufidiwa mapema kwa miradi inayomlenga yeye, maana hakuhesabiwa mwaka 1994.

Wazao wa manamba na wa waliovuka kabla ya 1961 hawapaswi kusubiri mpango huo hata siku moja, kwa kuwa suala lao halihusiani na wakimbizi. Linamalizika kwa marekebisho ya sheria yatakayotamka wazi kwamba aliyekuwa akiishi Tanganyika au Zanzibar kabla ya uhuru, pamoja na kizazi chake, ni raia, na kwamba ushahidi wa majirani na wazee wa kijiji unatosha pale ambapo cheti hakikuwahi kutolewa. Hakuna ardhi mpya inayohitajika kwa hilo wala fedha ya mfadhili, kwa sababu watu wenyewe wameshakaa pale, na wengi wamekuwa wakipiga kura kwa miaka mingi.